Tiba ya mgongo wa kuli haina muuzaji

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mfuko wa sukari unaotoka kiwandani nao una kilo 50. Gunia la mahindi linaloshushwa kwenye Fuso hapa Manzese kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, na kila aliyefanya kazi kwenye mashine za kukoboa, kuanzia Kwa Mfuga Mbwa mpaka upande wa Tandale, anajua kwamba yanaingia yanayozidi hapo, yamejazwa mpaka mdomoni na kuongezewa kilemba cha kamba juu. Ndiyo lumbesa. Anayebeba saruji na anayebeba mahindi wana uti wa mgongo wa aina moja. Ila saruji imepimwa na kiwanda, na mahindi yamefungashwa shambani na mnunuzi anayelipa kwa gunia, na kwa kuwa analipa kwa gunia, anataka gunia limeze kila linachoweza kumeza.

Mimi nimebeba mizigo hiyo tangu ujanani mpaka mgongo uliponigomea. Sasa ni karani wa stoo: nakaa na daftari, nahesabu yanayoingia na yanayotoka juu ya mabega ya wenzangu. Mgongo bado unaniuma, si kama zamani, lakini unaniuma, na nimeshajua kwamba nitaishi nao. Nataka kuzungumza na wasomaji kuhusu maumivu ya namna hiyo, yale ambayo hayaui wala hayaondoki. Madaktari wanasema maumivu yakipita miezi mitatu yameshakuwa sugu. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo jipya la orodha yake ya magonjwa, maumivu sugu yalipewa nafasi yake yenyewe, si tena kivuli cha ugonjwa mwingine.

Hoja yangu ni hii. Huku kwetu tiba ya maumivu tumeiachia soko. Kidonge kina muuzaji. Mkanda wa mgongo una muuzaji. Chuku ina mpigaji wake, na picha ya mgongo ina mashine iliyonunuliwa kwa pesa nyingi inayotakiwa kuzirudisha. Mazoezi ya viungo na gunia jepesi havina mtu anayeamka asubuhi akavinadi barabarani, na hivyo viwili ndivyo ninavyoviona vikiwasaidia watu.

Nianze na kidonge, maana ndicho daktari mkuu wa Manzese. Alfajiri, kabla gari la kwanza halijafunguliwa turubai, vijana wanapita dukani. "Dada, nipe zile za mgongo." "Mbili au nne?" Mkasi unakata karatasi, vidonge vinaingia mfukoni, jina la dawa limebaki kwenye kipande kilichorudi kwenye boksi. Mara nyingi ni diklofenaki. Mchana maumivu yakirudi, kijana anaingia duka jingine, anapewa ibuprofeni, anaimeza juu ya ile ya asubuhi. Anadhani amebadilisha dawa. Hajabadilisha: hizo mbili ni za ukoo mmoja na zinafanya kazi kwa njia moja, kwa hiyo amejiongezea dozi bila mtu yeyote kumwambia.

Watu wa afya wamenieleza njia yenyewe inavyokwenda, na ningependa kila anayemeza aijue. Dawa hizo zinazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi yake, na ndizo zinazosaidia damu kufika vizuri kwenye figo, hasa mwili unapokuwa umepungukiwa maji. Sasa mfikirie mbeba mizigo. Amemeza kidonge juu ya kahawa chungu ya kijiweni, hajala. Kuanzia saa moja asubuhi anatoka jasho mpaka fulana inakamulika. Maji anakunywa akikumbuka. Tumbo halina chakula, figo hazina maji, na ulinzi wa vyote viwili ameuzima kwa kidonge. Akifanya hivyo siku moja, mwili unasamehe. Wenzetu wanafanya hivyo miaka. Mmoja wa kikosi chetu cha wabeba mizigo alianza kupata choo cheusi, akadhani ni chakula. Ilikuwa damu kutoka tumboni. Aliwahi hospitali, akapona, ila tangu hapo kila akiona vijana wanakata vidonge alfajiri huwa hanyamazi.

Sisemi vidonge hivyo ni sumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, unazikubali dawa za ukoo huo. Lakini daktari anapoziandika anaandika dozi ndogo inayotosha, kwa muda mfupi, baada ya chakula, na anauliza kwanza kama mtu ana presha, ana vidonda vya tumbo au ana shida ya figo. Dirishani pa duka hakuna anayeuliza, na mteja mwenyewe hataki kuulizwa, gari linamsubiri.

Yupo mwingine anayeamini sindano ina nguvu kuliko kidonge. Dawa ni ileile. Kilichoongezeka ni sindano, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, mtu akaenda kutibu kiuno akarudi anaburuta mguu. Yupo anayepewa vidonge vidogo vya deksamethazoni au predinisoloni, anajisikia mwepesi ndani ya siku mbili, anamsifu aliyempa, na akiendelea navyo miezi uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Na kulikuwa na viroba. Kabla serikali haijapiga marufuku pombe za viroba Machi 2017, wengi wetu tulikuwa tunajua mtu anayefungua siku kwa kiroba ili mgongo ulegee. Viroba vimeondoka, maumivu hayakuondoka navyo, na pombe ya aina nyingine haikukosekana.

Nenda pale Manzese Darajani utaona mikanda ya mgongo imetundikwa pamoja na soksi na miwani. Niliwahi kuvaa. Joto lake linapendeza, na ukiwa umefungwa unajiona imara, ndiyo maana unakubali kubebeshwa zaidi. Mwongozo ule wa 2023 umeitaja mikanda hiyo miongoni mwa tiba 14 ambazo haishauriwi kuzitumia kama kawaida kwa mtu mwenye maumivu sugu ya kiuno. Kwenye orodha hiyohiyo zimo dawa kali za jamii ya afyuni.

Kuhusu chuku na kuchuliwa nitazungumza kwa heshima, kwa sababu nimelelewa navyo. Bibi anayejua kuchua, kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, anakulegezea misuli iliyokaza, na usiku ule unalala. Usingizi si jambo dogo kwa mwenye maumivu. Asiyelala huumwa zaidi kesho yake. Hata ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una nafasi ya kukanda mwili. Ninachoogopa ni wembe unaotumika kwa watu wawili, na ahadi kwamba "uchafu wote umetoka, hutaumwa tena". Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake lipo. Anayechua na anayepiga chuku wasajiliwe, wafundishwe usafi, wafundishwe na dalili za hatari ambazo wakiziona wamwambie mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

Wasomaji wanakumbuka mwaka 2011, safari za Loliondo, kijiji cha Samunge, Mchungaji Ambilikile Masapila na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500. Waliokwenda walichekwa sana baadaye. Mimi sijawahi kuwacheka. Wengi walikuwa watu wenye magonjwa ya muda mrefu, waliochoka kuambiwa "meza hizi, urudi baada ya wiki mbili". Kule walipokewa na mzee aliyewapa kikombe kwa mkono wake na kuwaambia kuna matumaini. Wizara ya Afya ikitaka watu wasipange foleni kwa kila kikombe, iwape mahali ambapo mtu atakaa mbele ya mtaalamu na kusikilizwa.

Picha sasa. Niliwahi kushauriwa kupiga picha ya mgongo kwenye kituo kimoja cha kulipia, nikakopa, nikapiga. Nilisomewa majibu nikiwa nimesimama mlangoni: pingili zimelika, usibebe tena chochote, usiiname. Nilitoka pale naogopa hata kumnyanyua mtoto. Nikalala, nikakaa, nikalala tena, na kadiri nilivyolala ndivyo kiuno kilivyozidi kukakamaa. Miaka mingi baadaye nikaja kuelezwa jambo ambalo lingeniokoa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za watu wasiolalamika maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari picha zao zilionyesha diski za katikati ya pingili zimeanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 50, ni asilimia 80. Watu wazima kabisa, hawaumwi, wanacheza na wajukuu! Kwa hiyo pingili iliyolika kwenye picha inaweza kuwa chanzo cha maumivu yako, na inaweza kuwa mvi tu za ndani ya mwili. Picha peke yake haiwezi kukwambia ni lipi.

Kuna nyakati picha ni lazima, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Maumivu ya mgongo yakiambatana na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya uti wa mgongo, na kwetu kipo. Dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na kuchelewa kunaweza kukuacha na kibyongo au miguu iliyopooza. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukihisi ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea ghafla, au umeanguka kutoka juu ya gari, usimeze kitu ukalala. Nenda hospitali muda huo. Aliyewahi kuwa na saratani mahali popote mwilini na sasa mgongo umeanza kumuuma, naye aende. Kwa mambo hayo ndipo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, yaani MOI, na visu vya wapasuaji wake vinapohitajika. Kwa sisi wengine, ambao ndio wengi, kisu si jibu.

Jibu langu lilitoka kwa dada mmoja wa fiziotherapia katika hospitali ya serikali, niliyefikishwa kwake na jirani. Aliniambia nivue shati, nitembee, niiname, nisimame kwa mguu mmoja. Alinigusa mgongo wote kabla ya kuuliza picha. Kisha akasema, "Baba, mgongo wako haujavunjika. Umechoka, halafu umeogopeshwa." Nikamuuliza mbona basi unauma kila siku. Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu ikikaa na maumivu muda mrefu inakuwa kama mbwa wa ulinzi wa nyumba iliyowahi kuibiwa: sasa anabweka hata mwenye nyumba akifungua geti. Kubweka ni kwa kweli, si kwamba unajisingizia, lakini si kila mbwa akibweka kuna mwizi. Kazi iliyobaki ni kumzoesha mbwa upya, kidogo kidogo, kwa kuutembeza mwili.

Akanifundisha mambo ambayo hayahitaji mashine. Kulala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, kuinua makalio taratibu na kuyashusha. Kupiga magoti na viganja chini, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, kisha kubadilisha. Kuvuta goti moja kifuani ukihesabu pumzi. Kutembea kila siku, leo mpaka kituo cha Tip Top, wiki ijayo mbele zaidi, hata siku ambayo kiuno kinalalamika, mradi nisijilazimishe mpaka nishindwe kesho. Alinikanya: "Usipime kwa maumivu, pima kwa kazi ulizoweza kufanya." Mwezi wa kwanza niliona ananidanganya. Baadaye nikagundua nimevaa viatu bila kukaa kitandani.

Si hadithi yangu peke yangu. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie cha Australia. Watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa kiuno waligawanywa: kundi moja likasimamiwa na wataalamu wa fiziotherapia kutembea, wakiongeza polepole kuelekea nusu saa mara tano kwa wiki, na jingine likaachwa liendelee na maisha. Waliotembea, nusu yao walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiotembea, siku 112. Kutembea! Barabara ya Morogoro haina kiingilio.

Lakini hapo ndipo kuna kikwazo kinachonifanya niandike. Mtaalamu wa fiziotherapia mtu wa Manzese anampata kwenye hospitali kubwa, asubuhi, siku za kazi. Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo wakati magari kutoka Kibaigwa, Songea na Makambako yanaposhusha. Kuli analipwa kwa gunia alilobeba. Asipokuwepo, hakuna hata senti ya siku hiyo, na mama watoto anasubiri pesa ya unga. Kwake gharama kubwa si nauli ya mwendokasi wala kadi ya hospitali, ni siku yenyewe. Kidonge cha asubuhi hakimpotezei siku. Ukimlaumu kwa kuchagua kidonge, humjui.

Na si makuli tu. Akina mama wa mitumba wanaoinamia marobota tangu alfajiri, mama ntilie mbele ya sufuria, fundi cherehani aliyekunja shingo mpaka usiku, kondakta, dereva wa bodaboda, msusi anayesimama saa sita juu ya kichwa kimoja. Kila mmoja ana kiungo chake. Kuna wenye kisukari ambao nyayo zinawaka moto usiku, na hao diklofenaki haiwagusi kabisa. Maumivu ya mishipa ya fahamu yana dawa zake, kama amitriptilini kwa dozi ndogo. Jirani yangu mmoja aliandikiwa hiyo, akaisoma kwenye simu kwamba ni dawa ya sonona, akaitupa chooni akisema daktari amemwona mwendawazimu. Dakika mbili za kuelezwa zingemwokoa usiku mwingi.

Nisiwasahau wenye saratani, maana kwao mambo yamegeuka. Sisi wa mgongo tunauziwa dawa ambazo hatukuzihitaji kwa wingi ule, na wao wanakosa ile wanayoihitaji kweli. Mofini ya kunywa, dawa ya maji isiyo ghali, imekuwa ikitumika Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa miaka mingi, na mgonjwa aliyekuwa akilia usiku kucha anaweza kukaa na familia yake akala na kuzungumza. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba nusu ya watu wa dunia hii walio maskini zaidi wanapata asilimia 1 tu ya mofini yote inayogawanywa. Jirani zetu Uganda walithubutu. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofundishwa maalumu kuiandika mofini, ili imfikie mgonjwa kijijini nyumbani kwake. Hofu ya dawa za kulevya naielewa, nimeona vijana wa mitaa hii walivyoharibiwa na heroini. Hofu hiyo isimwache bibi mwenye saratani ya mlango wa kizazi afe akipiga kelele chumba cha pili.

Turudi kwenye gunia. Hata mazoezi, kwa mtu anayebeba kilo 120, ni kuchota maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127 kuhusu uzito wa mizigo anayobebeshwa mtu mmoja, na pendekezo namba 128 linalosema kwamba uzito kwa mwanamume mzima ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Kilo 55! Sheria yetu ya vipimo inasimama kwenye 100, na inasimama hapo kwa ajili ya kumlinda mkulima asipunjwe, jambo jema kabisa, lakini haikumfikiria aliye chini ya gunia. Wakala wa Vipimo wakikamata lumbesa tunapiga makofi. Gunia la kilo 100 halali, lenye lebo zote, bado ni karibu mara mbili ya kile dunia ilichosema zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na unasimama juu ya mwajiri anayechangia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtafuta mwajiri. Kuli wa Manzese mwajiri wake ni nani? Mwenye gari anasema mzigo si wake. Mwenye mzigo anasema kalipa ushushaji. Mwenye mashine anasema hao ni vijana wa kijiweni tu. Mgongo ukikatika, kila mmoja ana kidole cha kumwelekezea mwenzake.

Nimewasikia matajiri wakisema gunia dogo litaongeza gharama: magunia mara mbili, kushona mara mbili, kuhesabu mara mbili. Mimi ndiye karani, hesabu hiyo naifanya kila siku, na sioni inaposhindikana. Sukari imeweza. Saruji imeweza. Unga wenyewe unaotoka kwenye mashine hizohizo unafungwa kwenye viroba vya kilo 25 na 50, kwa hiyo mahindi yanaingia getini mazito na kutoka mepesi, na jengo ni lilelile. Wenzangu nao wana wasiwasi wao wa haki: gunia likipungua nusu, malipo kwa gunia yatapungua nusu. Ndiyo maana nasema tulipwe kwa tani iliyoshushwa. Tani ya kilo hamsini hamsini ni safari 20, ya kilo mia mia ni safari 10. Pesa ya tani ibaki palepale, au ipande kidogo kwa sababu ya hatua zilizoongezeka. Wenye vikosi wakikaa na wenye stoo, jambo hili linaandikika kwenye karatasi moja.

Na kwa halmashauri yetu ya Ubungo nina ombi pia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Watu wanapojadili kitita cha bima hiyo kina nini na hakina nini, ningependa huduma za utengamao, fiziotherapia ikiwemo, zisitajwe mwishoni kabisa. Kwa sasa naomba kitu kidogo. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia aje kata ya Manzese mara moja kwa wiki, si asubuhi, bali jioni saa kumi na moja, mashine zikishapungua kelele, au Jumapili. Awafundishe watu kwa kundi, awachuje wenye dalili za hatari awaandikie rufaa, na mara moja kwa mwezi akae na dada wa maduka ya dawa wazungumze nani asiuziwe diklofenaki na maswali gani matatu aulizwe kabla mkasi haujakata. Jengo halihitajiki, uwanja wa shule ya msingi unatosha. Mikeka tutaleta wenyewe, na kazi ya kupita stoo hadi stoo kuwaita vijana nitaifanya mimi.